Jinsi Nilivyotolewa Chumba cha Boila, na Nilivyorudishwa

Wiki ya pili tangu mniage kazini, mmoja wenu alinipigia simu kuniuliza fomu ya kufungua malalamiko dhidi ya mwajiri inachukuliwa wapi. Hakusema amefanyiwa nini wala na nani. Nikamwelekeza, akashukuru, akakata. Baadaye nikaona nimemjibu kama mtu anayeulizwa njia ya sokoni. Fomu ni karatasi tu, kuijaza si kazi. Yanayoifuata ndiyo nilipaswa kumwambia, kwa hiyo nayaandika hapa kwa nyie wote mliobaki kiwandani, hasa nyie mabinti. Vyeo na mishahara sitavitaja. Havikuwa vya kutajwa.

Naitwa Mwajuma, mzaliwa wa Mtoni, na maisha yangu yote nimefanya kazi katika kiwanda kimoja tu, hiki chenu cha sabuni cha upande wa Kipawa. Niliingia kama kibarua wa kufagia ukumbi wa upakiaji. Mwezi wa pili chumba cha boila kikakosa mtu wa kubeba chumvi, nikapelekwa mie kwa kuwa nilikuwa na mabega. Kwa ambao hamjawahi kuingia humo: boila ni pipa kubwa la chuma lenye moto tumboni, na maji yanauzunguka ule moto. Mvuke wake ndio uliokuwa ukichemsha sabuni ya kiwanda kizima. Chumvi ni ya kulainisha maji, yasiache ukoko ndani kama wa birika.

Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Komba, mtu wa Songea, mfupi, ovaroli imepauka, penseli sikioni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia bila kugeuka, macho kwenye boila.

"Unauogopa mvuke?"

"Siujui, Mzee."

"Afadhali. Aliyekutangulia alisema hauogopi. Yuko kwao, hana nyusi."

Nilikaa naye miaka kumi na minane. Kwanza nilibeba chumvi, kisha nikapangusa mabomba, kisha akaanza kunifundisha bila kusema kwamba ananifundisha. Ubavuni mwa boila kuna mrija wa kioo unaoonyesha maji yamefika wapi ndani. Alikuwa ananiambia kila siku, "Kioo kinadanganya." Kila unapoanza zamu ufungue koki yake, uyamwage maji, utazame yanarudi upesi kiasi gani. Yasiporudi, mrija umeziba na unachokitazama ni maji ya jana. Sheria yake ya pili ilikuwa hii: maji yakipotea machoni, usiongeze. Zima moto. Chuma kilichopata moto kikiingiziwa maji baridi kinalipuka, hapatapatikana hata wa kuzikwa. Alinisimamisha nimefumba macho, akaniuliza pampu gani inafanya kazi na ipi imechoka, kwa sauti tu. Nikikosea ananiambia nirudi kwenye chumvi.

Ilipofika kwenda kufanya mtihani wa cheti cha uendeshaji, meneja wa wakati ule alisema haijawahi kutokea mwanamke. Mzee Komba akamjibu, "Cheti kinauliza jina na aina ya boila. Hakiulizi kingine." Nikaenda, nikafaulu, nikaanza kushika zamu zangu mwenyewe. Haya nayasema mapema ili msije mkadhani nilikuwa na kinyongo naye tangu mwanzo. Baba yangu alinipa jina. Kazi alinipa Mzee Komba.

Sasa kuna siku moja ambayo lazima niieleze vizuri, maana kila kitu kilikuja kuning'inia hapo. Ilikuwa Ramadhani, saa nane mchana. Zamu ilikuwa ya Mzee Komba mpaka saa tisa, mie niliwahi kwa sababu nyumbani mfungo ulinichosha zaidi kuliko kazini. Yeye alikuwa ameshakula ugali wake na kujinyoosha kwenye benchi. Nikaenda stoo kufuata chumvi. Niliporudi nilisimama mlangoni, nikasikia kitu hakipo. Pampu ya maji ilikuwa imezima. Burna, ile inayopuliza moto, inanguruma, Mzee anakoroma, na kioo ni kitupu. Kifaa kinachozima moto chenyewe maji yakipungua kilikuwa kimekwamishwa na tope.

Nilipiga kelele. Mzee akaruka kutoka benchini, na kwa usingizi aliokuwa nao akakimbilia valvu ya kuingiza maji. Mtu aliyenifundisha miaka yote kwamba usiongeze! Nikamshika mkono, nikamsukuma ukutani, nikazima moto. Kisha tukakaa. Boila haiharakishwi kupoa. Yeye alikaa juu ya gunia la chumvi, anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Mwajuma," akasema mwishowe, "nina barua mbili za onyo. Ya tatu ni geti."

Hakuniomba. Hilo nataka lieleweke. Ni mie niliyesema, "Tuandike kwamba zamu nilishaipokea." Nikachukua kitabu cha zamu, nikaandika kwa mkono wangu kwamba maji yameshuka chini ya kioo, moto umezimwa, mwendeshaji Mwajuma. Hakuna aliyeniuliza. Kitabu kikajaa, kikaingia kabatini na vingine.

Ikapita miaka. Kiwanda kikapata Injinia mpya. Siku ya kwanza alipozunguka akaingia chumba cha boila, akanikuta natoa tope la chini, mvuke umetanda.

"Huyu mama anafanya nini humu?" akamuuliza Mzee Komba.

"Anaendesha."

"Anaendesha nini?"

Mzee akaonyesha boila kwa kidevu. Injinia akacheka kama mtu aliyetaniwa, akatoka. Wiki iliyofuata nikaletewa barua. Naikumbuka neno kwa neno: kwa kuzingatia jinsia yako na mazingira hatarishi ya chumba cha boila, menejimenti imeamua kukuhamishia kitengo cha upakiaji na usafi. Nikarudi kwenye ufagio ule ule. Nafasi yangu akapewa mwanamume wa idara ya matanki ambaye hata cheti alikuwa hajapata. Nilimwonyesha barua Mzee Komba. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Nenda kwanza," akasema. "Mambo yatatulia."

Hayakutulia. Nilimwandikia afisa utumishi, dada mmoja mpole, jina lake Jackline. Kila Jumatatu ananiambia, "Barua yako iko mezani, mama." Mwenyekiti wetu wa tawi la chama cha wafanyakazi aliniuliza kwa nini mtu mzima ang'ang'anie joto. Nilipoteza wiki nyingi nikisubiri ile meza. Mwisho nikaomba ruhusa ya kwenda hospitali, nikaenda kwenye tume inayosuluhisha migogoro ya kazi. Karani wa pale akaniuliza barua ni ya tarehe ngapi, akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Mama, malalamiko kama haya yana siku sitini. Wewe umebakiza tatu. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasubiri majibu."

"Ukisubiri majibu, siku hazisubiri."

Hilo mlishike. Nyie mnaoambiwa barua iko mezani, hesabuni siku zenu wenyewe. Nikajaza fomu, pale pa maelezo nikamwaga roho yangu yote mpaka nikaomba karatasi ya ziada. Karani akaisoma, akanipa fomu nyingine tupu. "Andika walichofanya, lini, na unachotaka. Machungu yaache nyumbani." Nikaandika mistari sita. Nadhani ndiyo maandishi mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika, kuliko hata haya.

Kabla tume haijaipokea, nakala lazima ifike kwa mwajiri na uwe na ushahidi kwamba imefika. Mlinzi wa getini alikataa hata kuigusa. "Mie nipokee kesi ya bosi? Una wazimu?" Nikazunguka mapokezi. Binti wa pale alikuwa na rundo la hati za mizigo anazigonga mihuri huku anaongea na simu. Nikaiweka yangu katikati ya rundo, ikagongwa pamoja na katoni za sabuni. IMEPOKELEWA, na tarehe, wino umekolea. Nikashukuru kwa adabu.

Kesho yake Jackline akaniita. "Mama Mwajuma, ile barua ya uhamisho ina kosa la uchapaji. Ilete ofisini tuirekebishe." Nikampelekea.

Akaigeuza. "Hii si kivuli?"

"Ndiyo."

"Halisi iko wapi?"

"Haijisikii vizuri, haiwezi kutoka."

Hakucheka. Tangu siku hiyo wenzangu wakaanza kuwa na haraka. Nikikaa kantini, benchi linabaki langu peke yangu. Wanawake wa upakiaji walikuwa wananiambia chooni kwamba wako pamoja nami, kisha wanatangulia kutoka ili tusionekane tumetoka wote. Siwalaumu. Nawaeleza tu mjue, mtakapofungua malalamiko, marafiki mtakuwa nao, ila watakuwa wa chooni.

Usuluhishi ulishindikana siku ya kwanza. Wakili wa kiwanda alisema wamenihamisha kwa upendo, kunilinda. Nikasema nilikuwa nimejilinda vizuri miaka kumi na minane. Pande zote zikakubali shauri liende kwa mwamuzi, na mwamuzi akawa mama mmoja wa miwani, mtu wa sauti ndogo, anayeandika kila neno kwa mkono kabla hajauliza jingine.

Siku ya ushahidi wakili alikuja na hoja mpya. Akasema sikuondolewa kwa ajili ya jinsia, niliondolewa kwa uzembe, kwani niliwahi kuachia maji yakaisha na nusura nilipue kiwanda. Akatoa kitabu cha zamu cha miaka ile, kimetiwa kipande cha karatasi kati ya kurasa, akakifungua hapo hapo bila kutafuta. Mle kabatini vitabu vilikuwa vimejaa kutoka juu hadi chini. Ukurasa ule haukupatikana kwa kupekua. Waliokuwa wanaujua duniani tulikuwa wawili.

Kisha akaita shahidi wake. Mzee Komba aliingia amevaa koti na tai, sijawahi kumwona na tai. Alikuwa amebakiza miezi kustaafu.

"Huu ni mwandiko wa nani?" wakili akauliza.

"Wa Mwajuma."

"Na zamu ilikuwa ya nani?"

Mzee akaitazama meza. "Kama kitabu kinavyosema."

Mwamuzi akaniambia nina haki ya kumuuliza shahidi. Nilisimama. Kitu cha kwanza kilichotoka ni mazoea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mzee, siku ile nilikushika mkono. Nilikuzuia usifanye nini?"

Nilisikia feni ya dari, na kwa jinsi alivyonizoesha nikajua beringi yake imekwisha. Akasema, "Sikumbuki."

"Maji yakipotea machoni, mtu anatakiwa afanye nini?"

"Azime moto."

"Na kitabu kinasema nilifanya nini?"

"Ulizima moto."

Hayo ndiyo yote aliyonipa. Nikaeleza mwenyewe ilivyokuwa, kwamba zamu haikuwa yangu, kwamba niliandika vile kumsitiri mtu. Wakili akatabasamu, nafikiri alikuwa anangojea hapo tangu asubuhi. "Kwa hiyo unakiri uliandika uongo katika kitabu cha kampuni?" Nikasema ndiyo. Hapakuwa na jibu jingine. Ama nilikuwa mzembe, ama nilikuwa mwongo, nichague. Mzee Komba alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, anafuta viganja kwenye suruali. Niliwahi kuuokoa mkate wake, leo anautumia kunifunga mdomo.

Aliyeniokoa ni yule mwamuzi na barua yangu isiyojisikia vizuri. Akamuuliza Jackline, aliyekaa upande wa kiwanda, ukurasa ule waliujua lini. Jackline akasema baada ya malalamiko kufunguliwa. Barua ya kunihamisha ilitangulia? Ilitangulia. Inataja maji? Haitaji. Inataja nini? Mwamuzi akampa barua halisi aisome kwa sauti. Akaisoma mpaka kwenye neno jinsia, akaishusha mezani. Mwamuzi akasema shauri kama hili mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua, akafunga faili.

Miezi ilipita, tuzo, yaani uamuzi wa tume, ikatoka. Nilibaguliwa, nirudishwe kwenye kazi yangu katika chumba cha boila. Uongo wangu wa kitabuni nao ulitajwa, aya nzima, na niliustahili. Nyumbani dada zangu walipika pilau. Nililala kama aliyetua mzigo.

Asubuhi nilipofika, nilikuta boila yetu imekatwa vipande vya kuuza kama chuma chakavu. Pembeni imejengwa mpya, ya mkandarasi, inajiendesha kwa kompyuta ndani ya chumba cha vioo chenye kufuli, na wanaoingia ni watu wa mkandarasi peke yao. Nje ya mlango wake palikuwa na kiti cha plastiki. Injinia alikuwa ananisubiri hapo, mwenye furaha.

"Wamesema turudishe mwendesha boila chumba cha boila," akasema. "Karibu."

Nilirudi tumeni. Wakaniambia naweza kukazia hukumu, mwajiri alazimishwe kuitii, kuna fomu nyingine, na kama haitoshi kuna mahakama. Nilichoka. Ningependa kuwaandikia kwamba niliendelea, lakini nilichoka. Nilikaa kwenye kile kiti miaka minne. Nasaini kuingia, nasaini kutoka. Mwanzoni nilikuwa nasikiliza pampu nikiwa nimefumba macho, baadaye nikaacha, maana mpya hazisemi kitu. Faida iliyopatikana kwa ajili yenu mnaweza kuiona wenyewe: tangu wakati ule hakuna barua ya kiwanda inayotaja jinsia ya mtu. Wamejifunza kuandika.

Mzee Komba alistaafu kabla tuzo haijatoka. Sikumuaga. Mwaka wangu wa mwisho nikasikia miguu imemvimba, hatoki ndani. Anakaa Kipawa, nyuma ya kiwanda tu, mwendo wa kutembea. Nilipita ile kona miaka minne bila kukata kushoto. Siku moja nikakata.

Mke wake alinifungulia, akanishika mikono miwili, akanikalisha, akaenda kuchemsha chai. Mzee alikuwa kitandani sebuleni, na ukutani mbele yake palining'inia kalenda ya kiwanda. Nilikuwa sijui kwamba wastaafu hupelekewa. Mwezi ule ulikuwa na picha yangu. Waliipiga siku ya wanawake: walinitoa kitini, wakanivika kofia mpya na ovaroli yenye mikunjo ya dukani, mpiga picha akaniambia nishike valvu na nitazame mbali.

"Nakutazama kila nikiamka," Mzee akasema. "Nikamwambia mama hapa, unaona, Mwajuma alirudi. Hapakuharibika kitu." Akajiinua kidogo. "Hiyo mpya mnaipandisha presha ngapi?"

"Sijui, Mzee."

"Hujui?"

"Sijawahi kuingia. Nakaa nje, kwenye kiti."

Akaitazama tena kalenda. "Na hapo umeshika nini?"

"Koki ya kunawia mikono."

Chai ikaja. Tukanywa. Akaanza, "Waliniambia wanataka kujua ukurasa tu, hawatakudhuru, mafao yangu..." halafu akaacha, kwa sababu nilikuwa namtazama na sikumsaidia kumaliza. Kulikuwa na nafasi pale ya yeye kusema neno, na nafasi ya mie kusema jingine. Tulizitumia kwa kunywa chai. Nilimwacha, nikasema nitarudi, sikurudi.

Alipofariki nilikwenda msibani kama watu wengine, nikakaa nyuma, na kina mama wa mtaani. Binti yake mkubwa akanitafuta mpaka akanipata. Akasema baba yake alikuwa akinitaja sana siku za mwisho. Nikamuuliza alikuwa anasemaje.

"Alikuwa anasema amefundisha watu wengi, lakini wewe peke yako ndiye uliyemzidi. Anasema bila wewe angekufa zamani, na wengine wengi."

Nikamshukuru, nikampa pole yake, nikakaa tena. Yalikuwa maneno mazuri na ya kweli. Ila mahali pa kuyasema palikuwa kule, siku ile, mbele ya yule mama wa miwani, ambako kila neno lilikuwa linaandikwa.